Seva Inaposhindwa Kufikia Hifadhi ya Pamoja: Dalili, Vyanzo na Tiba katika NFS ya Linux

Mpangilio unaozungumziwa hapa ni ule unaopatikana katika ofisi nyingi. Seva moja ya Linux yenye diski kubwa inashirikisha folda kwa njia ya NFS (Network File System, itifaki ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao), na seva nyingine mbili au zaidi, ambazo ndizo zinazoendesha programu zenyewe, zinaipachika folda hiyo kwa amri ya `mount` na kuitumia kana kwamba ni diski yao. Katika mifano yote, seva ya hifadhi ina anwani 192.168.20.10, seva za programu ni 192.168.20.21 na 192.168.20.22, na folda inayoshirikishwa ni `/data/nyaraka`. NFS ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984. Matoleo ambayo fundi atakutana nayo leo ni toleo la 3, la mwaka 1995, na toleo la 4, lililofuata mwaka 2000 na kurekebishwa baadaye. Ni muhimu kujua unatumia lipi, kwa sababu dalili ileile huweza kuwa na chanzo kingine toleo linapobadilika. Amri ya `nfsstat -m` kwenye seva ya programu huonyesha toleo pamoja na machaguo yote yanayotumika.

Ombi la seva ya programu hupita hatua nne kabla faili halijafunguka: kwanza pakiti zifike, pili seva ya hifadhi iitambue anwani iliyoomba kuwa imeruhusiwa, tatu mtumiaji atambulike, na nne ruhusa za faili lenyewe zikubali. Kila hatua ikikataa hutoa ujumbe wake, na ujumbe huo ndio unaopaswa kusomwa neno kwa neno kabla ya kugusa chochote. Jambo linaloleta madhara makubwa kuliko hitilafu yenyewe ni kulegeza hatua zote kwa pamoja: ukuta wa moto unazimwa, folda inapewa `chmod 777` inayomruhusu kila mtu, `no_root_squash` inayompa root wa seva ya programu mamlaka kamili inaongezwa, kisha kazi inaendelea na hakuna anayejua ni kipi kilichotibu. Folda hizi hubeba mishahara, matokeo ya wanafunzi na kumbukumbu za wagonjwa. Wenye taarifa hizo hawamo ndani ya chumba cha seva kujitetea, kwa hiyo fundi ndiye mwenye wajibu wa kuzilinda.

Upachikaji hauanzi kabisa

Umetoa amri `mount -t nfs 192.168.20.10:/data/nyaraka /mnt/nyaraka`, na jibu ni mojawapo ya haya matatu. `Connection timed out` baada ya kusubiri kwa muda mrefu humaanisha pakiti zinapotelea njiani bila kujibiwa, na mara nyingi ni ukuta wa moto unaozitupa kimyakimya au anwani isiyo na mashine yoyote. `Connection refused`, ambayo huja papo hapo, humaanisha mashine imefikiwa lakini hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti hiyo. Nenda kwenye seva ya hifadhi uangalie kama huduma ya NFS imewashwa, kwa `systemctl status nfs-server` na `ss -tln | grep 2049`. La tatu, `No route to host`, huwapoteza wengi, kwa sababu linasomeka kama tatizo la njia za mtandao ilhali kwenye seva zinazotumia firewalld ndilo jibu la kawaida la ukuta wa moto unaokataa kwa kutuma taarifa ya katazo. Ukiweza kuipigia seva hiyo `ping` ikajibu, huku `mount` ikidai hakuna njia, usihangaike na ruta. Angalia ukuta wa moto.

Jaribio linalotoa uamuzi ni `nc -zv 192.168.20.10 2049` kutoka seva ya programu. Poti 2049 ya TCP ndiyo pekee inayohitajika kwa toleo la 4. Toleo la 3 linahitaji pia poti 111 ya rpcbind, huduma inayomwelekeza mteja kwenye poti za huduma nyingine, na poti ya huduma ya kupokea maombi ya upachikaji iitwayo mountd, ambayo katika familia ya Red Hat ni 20048, na katika mifumo mingine hubadilika kila huduma inapowashwa upya isipokuwa uiwekee namba maalumu katika `/etc/nfs.conf`. Hapo ndipo inapotokea ile hali ya kushangaza ambapo upachikaji ulifanya kazi wiki nzima, kisha ukagoma baada ya seva ya hifadhi kuwashwa upya, ilhali hakuna aliyegusa mpangilio: poti imehama na ukuta wa moto umebaki ukifungua ile ya zamani. Kama hakuna kifaa cha zamani kinachokulazimisha kubaki na toleo la 3, hamia toleo la 4 na ufungue poti moja tu.

Tahadhari moja kuhusu `showmount -e`. Amri hiyo huuliza mountd, si NFS yenyewe. Pale ambapo ni poti 2049 tu iliyofunguliwa, itashindwa hata kama upachikaji wa toleo la 4 unafanya kazi vizuri kabisa, kwa hiyo kushindwa kwake pekee si ushahidi wa kitu chochote.

Seva inajibu, lakini inakataa

Ujumbe ni `access denied by server while mounting`. Hapa mtandao umeshafanya kazi yake. Anayekataa ni orodha iliyomo katika `/etc/exports`. Chanzo chepesi kuliko vyote ni kwamba faili limehaririwa lakini seva haijaambiwa ilisome upya, na tiba yake ni `exportfs -ra`. Kisha toa `exportfs -v`, ambayo huonyesha kile ambacho seva inakifuata kwa sasa. Hicho ndicho cha kuaminiwa, si kile unachokiona ndani ya faili.

Ikiwa orodha iko sawa, hoji anwani. Seva ya programu yenye kadi mbili za mtandao inaweza kuwa inatoka kwa kadi usiyoitarajia, na hivyo kufika kwa seva ya hifadhi ikiwa na anwani ambayo hukuiandika. Amri `ip route get 192.168.20.10` kwenye seva ya programu itakuonyesha, baada ya neno `src`, anwani inayotumika kweli. Upande wa pili, kumbukumbu za mountd katika `journalctl` huandika `refused mount request from` zikifuatiwa na anwani iliyokataliwa. Ukilinganisha viwili hivyo, mjadala umekwisha. Kama katikati kuna kifaa kinachobadilisha anwani, kwa mfano ruta inayozificha seva za programu nyuma ya anwani moja, basi hata namba ya poti ya mwombaji huweza kubadilishwa ikawa juu ya 1023, na NFS kwa kawaida yake hukataa maombi ya namna hiyo. Chaguo la `insecure` kwenye mstari wa exports huondoa sharti hilo, lakini tiba iliyo bora ni kuziweka seva hizo katika mtandao mmoja bila mabadiliko ya anwani.

Ikiwa umeandika majina badala ya namba katika exports, seva ya hifadhi hulazimika kuigeuza anwani ya mwombaji kuwa jina kabla ya kulinganisha. DNS, yaani mfumo wa majina ya mtandao, yenye rekodi za kinyume (za kugeuza anwani kuwa jina) zilizopitwa na wakati itakukatalia seva halali, na wakati mwingine itakukatalia leo na kukukubalia kesho. Kwa seva chache zenye anwani za kudumu, andika namba.

Lipo kosa moja katika faili hili linalostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linafunga mlango kwa mwenyeji na kuufungua kwa wageni wote. Tazama mistari hii miwili:

`/data/nyaraka 192.168.20.21(rw,sync)`

`/data/nyaraka 192.168.20.21 (rw,sync)`

Tofauti ni nafasi moja kabla ya mabano. Mstari wa kwanza unampa 192.168.20.21 haki ya kusoma na kuandika. Mstari wa pili unasomwa na seva kama wahusika wawili: wa kwanza ni 192.168.20.21 bila chaguo lolote, hivyo anapewa haki ya kawaida ambayo ni kusoma tu. Wa pili ni mtu yeyote duniani anayeweza kuifikia seva hiyo, naye anapewa haki ya kuandika. Dalili utakayoiona kwenye seva ya programu ni kwamba upachikaji unafaulu, kusoma kunakubali, na kuandika kunaleta `Read-only file system`. Mtu asiyejua chanzo huanza kubadilisha ruhusa za folda, ambazo hazihusiki hata kidogo, na wakati wote huo nyaraka ziko wazi kwa kila kompyuta ya jengo. Amri ya `exportfs -ra` hutoa onyo kuhusu mstari wa namna hii, ikisema hakuna chaguo lililotajwa kwa anwani ile na hakuna jina lililotajwa kwa mabano yale. Onyo hilo lisipuuzwe hata siku moja.

Katika toleo la 4 kuna ujumbe mwingine wa hatua hii, `No such file or directory`, unaotokea ingawa folda ipo na unaiona kwa macho. Kama mstari mmojawapo wa exports una `fsid=0`, folda hiyo imekuwa shina la kila kitu kinachoshirikishwa, na njia huhesabiwa kuanzia hapo. Ikiwa `/data` ndiyo yenye `fsid=0`, basi seva ya programu inapaswa kuomba `192.168.20.10:/nyaraka`, si `/data/nyaraka`.

Folda imepachikwa, lakini kuandika kunakataliwa

Sasa tumefika kwenye utambulisho, ambao ndio chanzo cha malalamiko mengi kuliko vingine vyote. Kanuni ni hii: katika mpangilio wa kawaida usio na Kerberos (mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa watumiaji), seva ya programu haitumi jina la mtumiaji, inatuma namba zake tu. Mtumiaji anayeitwa `nyaraka` anaweza kuwa na namba 1001 kwenye seva ya kwanza na 1004 kwenye ya pili, na kwa seva ya hifadhi hao ni watu wawili wasiojuana. Usiangalie kwa `ls -l`, ambayo hutafsiri namba kuwa majina ya hapo ulipo. Tumia `ls -ln` kwenye folda na `id nyaraka` kwenye kila seva, seva ya hifadhi ikiwemo. Namba zisipolingana, zilinganishe, ama kwa kuzipanga kwa mkono pale seva zinapokuwa chache, ama kwa saraka ya pamoja ya watumiaji kama LDAP zinapokuwa nyingi. Baada ya kubadilisha namba ya mtumiaji, kumbuka kwamba mafaili yake ya zamani bado yana namba ya awali, na yanahitaji `chown`.

Ikiwa anayekataliwa ni root, hilo si kosa. Kwa kawaida yake NFS humgeuza root wa seva ya programu kuwa mtumiaji asiye na mamlaka, mwenye namba 65534, anayeonekana kama `nobody`. Kinga hii huitwa `root_squash`, na imewekwa ili mtu aliyeiteka seva moja ya programu asiwe mfalme wa hifadhi nzima. Kuiondoa kwa `no_root_squash` ili programu fulani iweze kusakinishwa ni kuuza kinga ya wote kwa faraja ya siku moja. Kama programu inapaswa kuandika kwa jina la akaunti moja ya huduma, ielekeze hivyo wazi kwenye seva ya hifadhi: `all_squash,anonuid=1001,anongid=1001`. Kila kinachoandikwa kutoka anwani hiyo kitakuwa mali ya 1001, hata kama aliyeandika alikuwa root.

Wakati mwingine mafaili yote huonekana ni ya `nobody` ingawa kuandika kunakubali. Katika toleo la 4 hiyo huwa ni dalili kwamba jina la kikoa katika `/etc/idmapd.conf` halilingani kati ya pande mbili. Sawazisha mstari wa `Domain`, kisha futa akiba ya majina kwa `nfsidmap -c`. Ni tatizo la majina yanayoonyeshwa na la `chown`. Ukaguzi wa ruhusa bado unafuata namba.

Dalili iliyo ngumu zaidi kuitambua ni ya mtumiaji ambaye yumo ndani ya kikundi sahihi, ruhusa za kikundi zinaonekana, na bado anakataliwa, huku mwenzake wa kikundi hichohicho akikubaliwa. Hesabu vikundi vyake kwa `id`. Utambulisho wa kawaida wa NFS hubeba vikundi visivyozidi 16, na kikundi cha 17 hakifiki kabisa kwa seva ya hifadhi. Hili huwapata hasa wakuu wa idara na watu wa TEHAMA, ambao huongezwa katika kila kikundi kinachoundwa. Tiba ni kuiambia seva ya hifadhi itafute yenyewe vikundi vya mtumiaji badala ya kutegemea alivyotumiwa: katika `/etc/nfs.conf`, chini ya `[mountd]`, andika `manage-gids=y`, kisha uwashe huduma upya. Sharti lake ni kwamba seva ya hifadhi iwajue watumiaji hao na vikundi vyao.

Na kama wewe mwenyewe unaweza kuandika kutoka terminali lakini seva ya wavuti haiwezi, kwa akaunti ileile, kwenye mfumo wa familia ya Red Hat, chunguza SELinux, kinga ya ziada ya Linux inayozuia kile ambacho kila huduma inaweza kufanya, kwa `ausearch -m avc -ts recent`. Swichi inayohusika ni `setsebool -P httpd_use_nfs on`. Kuzima SELinux yote kwa sababu hiyo hakuna haja.

Kila kitu kilikuwa sawa, sasa seva imeganda

Kumbukumbu za keneli zinasema `nfs: server 192.168.20.10 not responding, still trying`, amri ya `df` haijibu, na programu zimekwama katika hali inayoandikwa `D`, ambamo haziwezi kuuawa kwa urahisi. Hivyo ndivyo upachikaji wa aina ya `hard`, ambao ndio wa kawaida, unavyopaswa kufanya: unasubiri hifadhi irudi ili maandishi yasipotee. Ushauri unaosambaa sana ni kubadilisha kuwa `soft`, na ushauri huo una gharama ambayo haitajwi. Chini ya `soft`, subira ikiisha programu hurudishiwa kosa, na programu isiyokagua makosa ya kuandika itaendelea kana kwamba faili limehifadhiwa. Mtumiaji ataona kazi imekamilika, na nusu ya faili haipo. Kwa data inayoandikwa, baki na `hard` na utafute kilichoiondoa hifadhi hewani.

Cha kwanza kuangaliwa ni kama seva ya hifadhi imewashwa upya hivi punde. Katika toleo la 4 huwapo muda wa neema, kwa kawaida sekunde 90, ambao ndani yake wateja wa zamani hurudisha kufuli zao za mafaili na maombi mapya ya kufungua mafaili husubiri. Subiri muda huo upite kabla ya kuwasha upya kitu kingine, maana kila ukiiwasha upya seva ya hifadhi unaanzisha subira hiyo tena.

Pili, ukubwa wa pakiti. Mtu ameweka MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti, ya 9000 kwenye seva mbili kwa nia ya kuongeza kasi, lakini swichi ya mtandao iliyo katikati imebaki 1500. Dalili yake hutambulika: upachikaji unafaulu, folda yenye mafaili machache inaorodheshwa vizuri, lakini folda kubwa au kunakili faili kubwa kunaganda palepale. Ithibitishe kwa `ping -M do -s 8972 192.168.20.10`, namba 8972 ukiiongezea baiti 28 za vichwa vya pakiti unapata 9000. Isipojibu wakati `ping` ya kawaida inajibu, rudisha 1500 pande zote au urekebishe swichi.

Tatu, na hili huonekana pale seva za programu zinapozalishwa kwa kunakili mashine pepe moja (virtual machine): toleo la 4 hujitambulisha kwa hifadhi kwa kutumia jina la mashine. Nakala mbili zilizobaki na jina `localhost.localdomain` huonekana kuwa mteja mmoja, na kila moja inapojisajili huifutia nyingine kufuli zake. Matokeo ni kuganda kwa zamu ambako hakufuati ratiba yoyote. Zipe majina tofauti kwa `hostnamectl`, kisha ziwashwe upya.

Mafaili yametoweka, au faili ni la zamani

Ujumbe `Stale file handle` humaanisha seva ya programu imeshikilia alama ya folda au faili ambalo halipo tena upande wa hifadhi: limefutwa, limerudishwa kutoka nakala rudufu, au diski imebadilishwa. Tenganisha kwa `umount`, kisha upachike upya. Kama hali hiyo hujirudia kila hifadhi inapowashwa, taja `fsid` yenye namba ya kudumu kwenye mstari wa exports ili utambulisho wa diski usibadilike.

Mabadiliko yaliyofanywa na 192.168.20.21 yakichelewa kuonekana kwenye 192.168.20.22, hiyo ni akiba ya sifa za mafaili, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya sekunde 3 na 60 kwa mafaili na kati ya 30 na 60 kwa folda. Punguza `acdirmax`, kikomo cha juu cha muda wa akiba ya folda, pale inapohitajika hivyo. Chaguo la `noac`, linalozima akiba hiyo kabisa, hupunguza kasi mno.

Mafaili kutoweka yote kwa pamoja baada ya seva kuwashwa upya ni jambo jingine, na hapa pana hatari ya kweli. Mtandao ulichelewa, upachikaji ukashindwa, programu ikaanza hivyohivyo na kuandika ndani ya `/mnt/nyaraka` tupu iliyoko kwenye diski ya hapo hapo. Baadaye mtu anapachika hifadhi kwa mkono, na kazi yote ya asubuhi inafunikwa. Haijapotea: ukisimamisha programu na kutenganisha hifadhi, utaikuta chini yake, nawe unaweza kuihamishia mahali salama. Hilohilo huweza kutokea kwenye seva ya hifadhi, ikishirikisha `/data/nyaraka` kabla diski ya `/data` haijaingia; chaguo la `mp=/data` kwenye mstari wa exports huizuia kushirikisha folda hiyo mpaka diski iwepo.

Kwenye seva ya programu, kinga ziko tatu na zinafaa kuwekwa pamoja. Katika `/etc/fstab`, ongeza `_netdev` ili mfumo ujue kwamba upachikaji huu unahitaji mtandao. Katika faili la huduma ya programu, andika `RequiresMountsFor=/mnt/nyaraka`, ili programu isianze kama upachikaji huo ulio katika fstab umeshindwa. Mwisho, hifadhi ikiwa imetenganishwa, toa `chattr +i /mnt/nyaraka` ili folda tupu isikubali kuandikwa na mtu yeyote, hata root. Hifadhi ikipachikwa juu yake, kufuli hilo haliigusi. Kisha washa seva upya makusudi, wakati wa kazi chache, na uhakikishe `findmnt /mnt/nyaraka` inaonyesha 192.168.20.10 kabla programu haijapokea ombi lake la kwanza.